Spectrum inawaka lakini haipakii programu: dalili, sababu na dawa yake

Ukiitoa kompyuta yako ya zamani ya Sinclair ZX Spectrum kabatini, ukaiwasha, na chini ya skrini nyeupe yakatokea maneno "© 1982 Sinclair Research Ltd", furahi, kwa sababu sehemu ngumu imeshapita. Kinachobaki ni kuitafutia programu, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Wanapakua faili tatu nne, hakuna hata moja inayoingia, wanaamua kwamba kompyuta imekufa. Mara nyingi mashine ni nzima na faili nazo ni nzima. Kasoro iko katikati: faili ni ya modeli nyingine, sauti ni ndogo, au waya haufai.

Spectrum ina sifa moja ninayoipenda sana. Inapopakia programu kutoka kwenye kaseti, inakuonyesha kwa rangi za pambizo la skrini imefika wapi na imekwama wapi. Ukizijua rangi hizo huhitaji kubahatisha, na mwongozo huu unazifuata hatua kwa hatua.

Kwanza ijue mashine uliyo nayo

Spectrum ya kwanza ilitangazwa Uingereza mwezi Aprili 1982 kwa aina mbili zinazofanana kabisa kwa nje: moja ya kilobaiti 16 za kumbukumbu (16K), nyingine ya 48 (48K). Mwaka 1984 ikaja Spectrum+, yenye vitufe vya plastiki ngumu badala ya raba, lakini ndani ni ileile ya 48K. Baadaye ikafuata ya 128K. Amstrad ilipoinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwezi Aprili 1986, zikaja +2 ya kijivu yenye kinasa kaseti ubavuni, kisha +3 yenye diski ya inchi 3, na +2A nyeusi.

Usiamini kibandiko wala maneno ya muuzaji. Mashine nyingi za 16K ziliongezewa kumbukumbu baadaye, na baadhi ya za 48K zimepoteza sehemu ya kumbukumbu yake kwa uzee. Iulize mashine yenyewe:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Jibu 65535 maana yake una 48K kamili. Jibu 32767 maana yake mashine inaona 16K tu. Kama una hakika iliuzwa ikiwa 48K lakini inasema 32767, chipu za kumbukumbu ya juu zimekufa au hazipati umeme, na karibu kila programu utakayopakua itagoma hata ukifanya mengine yote sawasawa. Namba iliyo katikati ya hizo mbili ni dalili mbaya pia: mashine huipima kumbukumbu yake kila inapowashwa, na husimama pale inapokuta doa bovu.

(Kwa wageni wa kibodi hii: kwenye 48K huandiki PRINT herufi kwa herufi. Ukibonyeza P mwanzoni mwa mstari, neno zima linatokea. PEEK hupatikana kwa kubonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, ukaziachia, kisha O.)

Jambo la pili ni umeme. Spectrum ya 48K hutumia volti 9 za DC, na pini ya katikati ya plagi yake ni *hasi*. Adapta nyingi za ruta na ving'amuzi tulizo nazo majumbani zina chanya katikati. Plagi inaweza kuingia bila shida na volti zikawa 9 vilevile, na bado ukaiua mashine kwa kuiwasha mara moja. Soma mchoro mdogo wa duara kwenye adapta, au pima kwa mita, kabla ya kuchomeka. Ukipima adapta ya asili ikiwa haijabeba mzigo utaona volti 12 au zaidi. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa.

Mashine iliyotoka Uingereza haina tatizo na umeme wa Kenya, Tanzania au Uganda: volti ni zilezile, plagi ya pini tatu bapa ni ileile, na picha yake ni ya PAL, ambayo TV zetu zinaielewa. Waya wa antena hutoa picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF. Kuzimwa kwa matangazo ya analojia hakuzuii chochote mradi TV yako bado ina kipokezi cha analojia ndani. Itafute kwenye menyu ya kusaka chaneli. Lakini kama mashine yako imeandikwa Timex Sinclair 2068, hiyo ni ya soko la Marekani. Ni ndugu, si pacha, na programu nyingi za Spectrum hazitafanya kazi mpaka uipatie katriji yenye ROM ya Spectrum, yaani chipu yenye programu ya msingi inayoiendesha mashine.

Faili ipi uchukue

Hazina kubwa za programu za Spectrum ni World of Spectrum, iliyoanza mwaka 1995, na Spectrum Computing. Internet Archive nayo ina nyingi. Amstrad iliruhusu ROM za Spectrum zisambazwe bure pamoja na emuleta, yaani programu zinazoiga Spectrum ndani ya kompyuta ya leo, na waandishi wengi wa michezo wakaruhusu kazi zao vilevile. Kampuni kadhaa zilikataa. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wa mchezo una jalada na maelezo lakini hauna faili, tafuta kwanza kama mwenye haki aliukataza. Yapo maelfu mengine yaliyoruhusiwa, na watu bado wanaandika mapya.

Tatizo linalowakwamisha wengi hapa ni aina ya faili.

TAP ni nakala ya yaliyomo kwenye kaseti, vipande kwa vipande, ikichukulia kwamba kaseti ilirekodiwa kwa mwendo wa kawaida wa ROM. Kwa kuanzia, hii ndiyo ninayoipendekeza. TZX ni nakala kamili zaidi: inahifadhi pia urefu wa kila pigo la sauti, hivyo inaweza kubeba kaseti zilizokuwa na vipakiaji vya kasi na kinga za kunakili kama Speedlock. Z80 na SNA hazina kaseti ndani yake hata kidogo. Ni picha ya kumbukumbu ya mashine iliyosimamishwa katikati ya programu. DSK ni diski ya +3. TRD na SCL ni diski za mfumo wa Beta, zilizoenea sana kwenye mashine za Kisovieti kama Pentagon, na Spectrum ya kawaida haizisomi bila kifaa cha ziada.

Ukichukua SNA halafu ukashangaa kwa nini huwezi kuicheza kama sauti, sababu ni hiyo: hakuna sauti ndani yake. Dawa ni kuigeuza kwanza kwa programu ndogo ya snap2tzx, inayokuja na vifaa vya ziada vya emuleta ya Fuse. Lakini kama TAP ya programu hiyohiyo ipo, ichukue hiyo.

Angalia pia ukubwa. SNA ya 48K ni baiti 49179, haizidi wala haipungui. Ukikuta faili yenye jina la mchezo ina baiti 6912, umechukua picha ya ufunguzi peke yake. Ukikuta ina kilobaiti chache na ukiifungua kwa kihariri cha maandishi unaona maneno yanayoanza na "<html", umepakua ukurasa wa tovuti, si programu. Na kama jina linaishia na ZIP, lifungue kwanza.

Mwisho, soma mstari unaotaja mashine. Ukiandikwa 128K peke yake, usiipeleke kwenye 48K. Ukiandikwa 48K/128K, ni salama kwa zote mbili, kwa kawaida muziki ndio huongezeka kwenye 128K.

Kabla ya kugusa mashine halisi, ijaribu faili hiyo ndani ya emuleta kama Fuse. Chagua modeli ileile uliyo nayo mezani, kisha zima upakiaji wa haraka ili ipakie polepole kama kaseti. Ikishindwa humo, usiisumbue Spectrum. Ikifaulu, umeiondoa faili kwenye orodha ya washukiwa, na kila kinachofuata ni suala la sauti au la mashine.

Kuigeuza faili kuwa sauti

Faida kubwa ya Spectrum ni kwamba huhitaji kununua kifaa maalumu. Programu zake ni sauti tu, na simu yoyote inacheza sauti. Fuse ina kifaa kiitwacho tape2wav kinachogeuza TAP au TZX kuwa WAV. Tengeneza WAV ya mono, sampuli 44100 kwa sekunde. Usiigeuze kuwa MP3 ndogo, kwa sababu ubanaji wa sauti hutupa vitu ambavyo sikio la mtu halivisikii lakini Spectrum inavihitaji. Ukiituma kwa WhatsApp kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu, itume kama hati, kamwe si kama ujumbe wa sauti.

Kwenye simu zima ikwalaiza na kila kiboreshaji cha sauti. Weka hali ya ndegeni, maana mlio mmoja wa ujumbe katikati unaharibu dakika zote zilizotangulia. Spika na hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii: tumia waya wa milimita 3.5 kutoka kwenye simu hadi tundu la EAR. Simu isiyo na tundu hilo itahitaji kile kiunganishi kidogo cha USB-C.

Kwenye 48K bonyeza J, halafu SYMBOL SHIFT na P mara mbili, ili upate LOAD "". Bonyeza ENTER, kisha cheza sauti. Kwenye 128K na +2 chagua Tape Loader kwenye menyu. Programu inayojaza 48K nzima huchukua karibu dakika tano.

Sasa angalia pambizo.

Pambizo limetulia, halibadiliki kabisa

Mashine haisikii chochote. Si kwamba inasikia vibaya: hakuna hata pigo moja linalofika. Anza na waya. Hakikisha uko kwenye tundu la EAR, si MIC. Hakikisha simu inatambua kwamba kuna kitu kimechomekwa. Baadhi ya simu zikichomekwa plagi ya mono huendelea kutoa sauti kwenye spika yake. Waya wenye plagi ya stereo upande wa simu hutibu hilo.

Kama waya ni mzima, tumia jaribio hili. Nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote katika mwongozo huu, kwa kuwa linaacha programu kando na kuitazama njia ya sauti peke yake:

10 PRINT AT 0,0;IN 254;" "
20 GO TO 10

(IN ni CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, ukaziachia, kisha SYMBOL SHIFT na I.) Iendeshe kwa RUN bila kubonyeza kitufe kingine. Utaona 191 au 255, kutegemea toleo la bodi. Sasa cheza ile WAV kwa sauti ya juu. Namba ikianza kurukaruka kati ya 191 na 255, sauti inafika hadi ndani ya mashine. Ikibaki ileile, sauti inafia njiani: tundu la EAR limeota kutu, mguu wake umeachana na bodi, au chipu ya ULA, inayoshughulikia sauti na picha ndani ya mashine, haipokei. Kwa sisi wa pwani kutu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Chomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa, safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi, kisha rudia jaribio. Isiposaidia, mpe fundi aiguse upya risasi kwenye miguu ya tundu.

Pambizo linageuka nyekundu na samawati kila baada ya sekunde moja hivi, mistari haiji

Hii ni hali tofauti kabisa na ya kwanza. Mashine imesikia kitu, imesubiri sekunde moja kuona kama ni mlio wa utangulizi, ikakuta sicho, ikarudi kusubiri. Yaani inasikia kelele.

Mara nyingi sababu ni sauti ndogo. Redio kaseti za miaka ya 1980 zilitoa mawimbi yenye nguvu kuliko simu za leo, na Spectrum iliundwa kwa ajili yao. Pandisha sauti ya simu hadi mwisho na uondoe kikomo cha kulinda masikio kama kipo. Ikiwa bado, pitisha sauti kwenye spika ndogo yenye kikuza sauti na tundu la hedifoni, kisha kutoka hapo hadi EAR. Hiyo imetosha kwa mashine nyingi zilizodhaniwa zimeharibika.

Sababu nyingine ni mvumo wa umeme. Chomoa simu kwenye chaji. Na kama unatumia redio kaseti badala ya simu, chomoa waya wa MIC wakati wa kupakia. Ukiacha nyaya zote mbili zimechomekwa, sauti huzunguka na kujichafua yenyewe.

Mistari minene ya nyekundu na samawati ipo, lakini jina la programu halitokei

Umekaribia. Kila kipande kwenye kaseti huanza na mlio mmoja usiobadilika, kama hezi 807. Kwa kipande cha kichwa unadumu sekunde tano, kwa kipande cha data kama mbili. Huo ndio unaochora mistari minene. Baada yake huja data yenyewe, na mistari inakuwa myembamba, ya buluu na njano. Kichwa kina baiti 17 tu za habari: aina, jina, urefu na mahali pa kuweka. Kikisomeka sawa, skrini inaandika "Program:" na jina.

Kichwa kikisomeka vibaya Spectrum haitoi kosa lolote. Inanyamaza na kuendelea kusubiri kichwa kingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuona mistari mizuri dakika tano nzima na mwisho asipate kitu. Ukiona mistari ikicheza bila jina, usisubiri: simamisha, rudisha mwanzo, badilisha sauti kidogo, jaribu tena. Mara hii punguza badala ya kuongeza, kwa sababu sauti iliyozidi mno hukatwa vichwa vya mawimbi na kupotoka. Angalia pia kama hukuchelewa: ukibonyeza ENTER baada ya sauti kuanza, kichwa cha kwanza kinapita kabla mashine haijasikiliza.

Kwa kaseti halisi, hapa ndipo hedi, ile sehemu ya redio inayougusa na kuusoma utepe, inapohusika. Isafishe kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Kisha, kaseti ikicheza, geuza taratibu skrubu ndogo ya pembe ya hedi hadi mlio uwe mkali na wazi kuliko ulivyokuwa. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine ilirekodiwa kwa pembe ya redio hiyo, kwa hiyo kila kaseti inaweza kutaka pembe yake. Kinasa cha +2 ya kijivu hakina tundu la EAR, lakini ile kaseti yenye waya waliyotumia watu kuunganisha simu na redio ya gari inaingia humo vizuri.

"R Tape loading error"

Watu huliogopa kosa hili, nami naliona kuwa habari njema. Kichwa kilisomeka, jina likatokea, mashine ikaanza kuchukua data, kisha mwishoni hesabu ya uhakiki haikulingana au sauti ikakatika. Njia ya sauti inafanya kazi, kwa hiyo kilichobaki ni ubora wake.

Zisome namba zinazofuata kosa. "0:1" maana yake ulianguka kwenye kipande cha kwanza kabisa, kilichoitwa na LOAD yako mwenyewe. Ukiona kwa mfano "10:2", kipakiaji kilishaingia na kuanza kufanya kazi, na anguko liko kwenye kipande kilichoitwa na mstari wa 10. Kosa likitokea kila mara mahali palepale, shuku faili au utepe. Likihamahama, shuku sauti, waya unaolegea, au umeme.

Programu zenye kipakiaji chao wenyewe hazitaandika R. Zikishindwa huigandisha mashine au kuianzisha upya. Zina haraka kuliko ROM na hazivumilii sauti chafu. Kwa hiyo usianze na hizo: anza na programu ndogo ya TAP, ikiwezekana kaseti ya Horizons iliyokuwa ikija ndani ya boksi la Spectrum. Hiyo ikiingia, ndipo uende kwenye ngumu.

Picha ya ufunguzi inaingia, kisha mashine inajianzisha upya

Picha ya skrini hukaa kwenye kilobaiti 16 za chini, na programu kubwa hukaa zaidi kwenye 32 za juu. Chipu za sehemu hizo mbili ni tofauti. Za chini ni aina ya 4116, zinazotaka volti tatu kwa pamoja: +12, +5 na -5. Kwa hiyo picha safi ikifuatiwa na anguko inaelekeza kidole kwenye kumbukumbu ya juu, au kwenye faili isiyo ya modeli yako. Rudia ile PRINT PEEK ya mwanzoni. Ukipata "M RAMTOP no good" mapema kabisa, programu imeomba kumbukumbu ambayo mashine haina; hiyo ni 48K ikipakiwa kwenye 16K.

Picha ikiwa na vidoa vinavyojirudia kwa mpangilio, safu baada ya safu, hata ukitumia faili tofauti, shuku kumbukumbu ya chini. Sauti mbaya haitengenezi mpangilio unaojirudia.

Kwenye mashine za 128K, baadhi ya programu za zamani hugoma mpaka uchague 48 BASIC kwenye menyu kwanza. Kwenye +2A na +3 hata hiyo haitoshi kwa programu zote, kwa kuwa vifaa vyake vya ndani vilibadilishwa. Tafuta toleo lililorekebishwa kwa ajili ya +3. Hazina nyingi zinayataja.

Programu imeingia, lakini haichezeki

Mhusika akikimbilia pembeni peke yake, umechagua Kempston, aina ya kijiti cha kuchezea (joystick), wakati huna kijiti hicho. Programu inasoma mlango mtupu na kupata takataka. Rudi uchague Keyboard.

Vitufe visipofanya kazi ndani ya programu moja tu, na ni programu ya 1982 au 1983, huenda iliandikwa kwa kuamini ile 255 ya bodi za mwanzo. Bodi za toleo la tatu (Issue 3) na kuendelea zinatoa 191, na programu inachanganyikiwa. Tafuta toleo lililotibiwa. Lakini kundi zima la vitufe likiwa limekufa kila mahali, karatasi ya plastiki iliyo chini ya raba imepasuka kwenye ulimi wake. Mpya zinatengenezwa hadi leo, na kuibadilisha hakuhitaji kulehemu.

Programu ikikuuliza namba ya siri, si ubovu. Jet Set Willy ya mwaka 1984 ilikuja na kadi ya rangi, na Elite ilikuja na lenzi ya plastiki iitwayo Lenslok. Rudi kwenye ukurasa uliopakulia faili, utafute picha za kadi na vijitabu.

Ukitumia kadi ya SD

Vifaa vya divMMC, vinavyochomekwa nyuma ya mashine na kusoma programu kutoka kwenye kadi ya SD, vinaondoa shida zote za sauti, na ndivyo ninavyoshauri kwa mwenye uwezo wa kuagiza. Matatizo yake ni machache. Usikichomeke wala kukichomoa mashine ikiwa inawaka, hata kwa sekunde. Pini za nyuma zimebeba volti zinazoweza kuua chipu. Mashine ikiwaka na skrini ya fujo, izime, kisha safisha meno ya bodi kwa alkoholi. Ikilalamika kuhusu mfumo, mafolda ya BIN na SYS kwenye kadi si ya toleo lilelile la esxDOS, yaani mfumo unaokiendesha kifaa, lililo ndani yake. Na kwa +2A au +3, hakikisha muuzaji ameandika wazi kwamba kinazikubali, kwa sababu mpangilio wa pini za nyuma si uleule.

Kwenye +3 yenyewe, diski isiposomeka kabisa, fungua kiendeshi: mkanda wake wa mpira hulegea au kuyeyuka kwa miaka. Wakati ukisubiri mpya, LOAD "t:" huielekeza mashine kwenye kaseti.

Kaseti isiyopatikana popote

Ndani ya boksi huenda mna kaseti isiyo na jalada, yenye mwandiko wa kalamu tu. Inaweza kuwa programu ya hesabu za duka, mazoezi ya shule, au programu ya lugha ya BASIC aliyoiandika mwenye mashine. Hiyo hutaikuta kwenye hazina yoyote, kwa hiyo usiijaribujaribu kwenye Spectrum kwanza. Itazame kwa tochi. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiicheze mpaka isafishwe, maana utahamishia ukungu kwenye hedi na kwenye kaseti nyingine. Ikiwa safi, izungushe mbele na nyuma mara moja ili ilegee, kisha irekodi yote, pande zote mbili, kwenye laptopu kwa WAV ya sampuli 44100, bila kuchuja kelele. Halafu ipitishe kwenye audio2tape ya Fuse uipate TAP, na uijaribu kwenye emuleta. Isiposomeka, badilisha pembe ya hedi, rekodi tena. Tunza WAV zote, hata zile zilizoshindwa, zikiwa na jina lililoandikwa kwenye kaseti, upande, na redio uliyotumia, kwa sababu kipande kilichoharibika katika moja huweza kupatikana kikiwa kizima katika nyingine.